Kitanda cha Orrin Hakina Nafasi

Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kwenye mgongo wa fahali hakuna wa kunifundisha kitu. Nasema mapema ili ujue anayekusimulia si mtu wa kukimbia kivuli chake. Haya yalimkuta binamu yangu Orrin, mbele ya macho yangu, mchana kweupe. Wewe unayelala na taa inawaka, tafuta mtu wa kukaa naye ndipo uendelee.

Ilikuwa wiki ya Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wiki ambayo sisi wa rodeo, mashindano ya kupanda fahali, tunaiita Krismasi yetu kwa wingi wa zawadi. Jioni unapanda fahali mji huu, usiku kucha unaendesha pikapu, asubuhi uko jimbo jingine. Unajitupa kwenye moteli yoyote, unafumba macho, jioni unapanda tena. Mimi nalala hata juu ya gunia la pembe. Orrin hapana. Akitoka tu kwao Oklahoma, usingizi unabaki nyumbani.

Alikuwa amejaribu kila kitu. Alisafiri na mto wake mwenyewe kama bibi harusi. Alifunika madirisha kwa blanketi. Kahawa aliacha, akanywa maziwa ya moto mpaka akaanza kunuka ndama. Na kadiri alivyojiandaa kulala, ndivyo alivyozidi kukiogopa kitanda.

"Lala basi, mtoto mzuri," nikamwambia mchana ule, tukiwa motelini Wyoming. "Au nikuimbie?"

"Cade, funga hilo bakuli." Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mvuta bangi. Akautupa mto pembeni. "Jioni nina Baba Mkwe."

Nikaacha kucheka. Baba Mkwe ni fahali, na jina lake amelitolea jasho. Sisi mkono wetu tunaufunga wenyewe kwenye kamba ya fahali. Ukisinzia kufumba na kufumbua, mwili unaanguka, mkono unabaki.

"Jitoe, kaka."

"Nikijitoa leo msimu wangu umekwisha. Nipate saa moja tu ya usingizi, Cade. Moja."

Akampigia mama yake, shangazi yangu Lavonne, simu ikiwa kwenye spika.

"Mama, niwekee simu yako kwenye kitanda changu, kisha washa feni. Nataka niisikie tu, labda nitalala."

"Una ndevu, Orrin," shangazi akasema. Lakini mama ni mama. Tukasikia mlango wa chumba chake ukifunguliwa, simu ikiwekwa, feni ile kuukuu ikianza kukwaruza. "Haya, nakwenda kumwagilia nyanya zangu."

Orrin akajilaza, simu sikioni. Uso wake ukalegea. Mimi nikakaa kitandani kwangu kuvua buti.

Nikasikia mtu anakoroma.

Mkoromo mrefu, wenye mluzi mwishoni. Ninaujua. Pua ya Orrin ilivunjwa na lango la kizimba cha fahali, na tangu hapo akilala kwao anapiga mluzi kama birika. Nikageuka nimtanie.

Macho yake yalikuwa wazi. Mdomo umefungwa.

"Cade," akanong'ona. "Unasikia?"

"Mbwa wenu huyo."

"Mbwa wetu alikufa Machi."

Ulikuwa unatoka kwenye simu.

Nikachukua simu yangu, nikapiga ile ya jikoni kwao. Ikaita, ikaita. Shangazi akaja anahema.

"Shangazi, nani yuko chumbani kwa Orrin?"

"Awe nani? Niko peke yangu."

"Nenda kaangalie. Taratibu."

Kwenye simu ya Orrin tukasikia mlango. Mkoromo haukukatika. Kisha sauti ya shangazi, karibu kabisa.

"Kitanda kitupu, mwanangu."

"Mama, husikii?"

"Nasikia." Akasogea kitandani. "Orrin. Kofia yako iko kitandani."

Orrin akainuka akaketi, tukatazamana. Kwetu kofia haiwekwi kitandani. Hata mlevi anajua. Babu alituambia kwamba kofia kitandani ni kama kusema "karibu": inawaambia wapanda fahali waliofia mbali na kwao kwamba hapa pana mahali pa kujinyoosha. Na Orrin, kwa haraka ya safari, alivaa kofia ya majani ya kiangazi, ile nzito ya sufu akaitupa. Hakutazama imeangukia wapi.

"Itoe, mama."

"Ina joto."

"Itoe!"

"Haitoki." Sasa alikuwa analia. "Navuta. Kuna kinachoishika."

Mkoromo. Mluzi. Mkoromo.

Aliyepata neno la kusema ni shangazi, si mimi bingwa wa maneno. Akalisema kwa upole, kama anayemwamsha mgeni aliyepitiwa.

"Amka, mwana wa mwenzangu. Hapa si kwenu. Huu usingizi ni wa mwanangu. Ana safari nao."

Mkoromo ukakatika.

Feni. Feni tu.

Kisha springi za godoro zikalia. Moja. Nyingine. Uzito ulikuwa unainuka.

Hapohapo Orrin akaanguka ubavu, kama kamba imekatwa. Nikamrukia. Nikamtikisa. Kimya. Nikaweka kiganja puani: pumzi ipo. Alikuwa amelala. Bila mkoromo, bila mluzi.

Jioni nilimmwagia maji usoni akaamka mpya. Akamkalia Baba Mkwe sekunde zote nane zinazotakiwa, akashuka kwa miguu yake, watu wanapiga mayowe. Mimi nilidondoka mruko wa kwanza. Usiniulize.

Tangu siku ile Orrin analala popote: kwenye pikapu, kwenye benchi, nyuma ya vizimba fahali wakigonga vyuma. Hakoromi tena. Kwao tu ndiko hawezi. Akijilaza kwenye kitanda kile, alfajiri anajikuta sakafuni, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, kama aliyesukumwa na mtu anayetaka nafasi. Siku hizi anakuja kumsalimu mama yake mchana, anakula, anaondoka kabla jua halijazama. Shangazi anamfungia chakula, hamwambii abaki.

Juzi, nikiwa kwa shangazi, shuka la kitanda kile nililitandika mwenyewe, jipya. Mlango tukaufunga kwa ufunguo. Asubuhi shuka lilikuwa na matundu mawili upande wa miguu, yamechanika kama kwa mtu aliyelala na buti zenye vyuma vya visigino.

Mimi na Orrin urefu wetu ni mmoja. Nikalala pale kupima, kichwa kwenye mto, miguu nimeinyoosha.

Matundu yalikuwa dhiraa nzima chini ya nyayo zangu. Na godoro, huko chini nisikofika, lilikuwa likibonyea, kama chini ya miguu ya mtu mrefu kuliko sisi.