Kasa wa Kitambaa

"Basi olewa na hao kasa wako!"

Maneno yalinitoka kabla sijayapima, na kupima ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani. Mchumba wangu ni mwalimu wa sayansi, na huo ulikuwa mwezi wake wa sita ughaibuni, akijitolea kwenye kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini. Asubuhi anapima kasa, mchana anafundisha watoto wa shule kuwalinda. Siku hiyo alikuwa ameomba tuahirishe harusi kwa miezi mitatu, amalize utafiti.

"Fundi, umesemaje?"

"Umenisikia."

Akakata simu. Siku tisa hakunipigia, na mimi kwa kiburi changu sikumpigia.

Mama naye alikuwa akija dukani kila siku kuchochea moto.

"Kujitolea! Mtu na akili zake anapanda ndege kwenda kupima kasa bila mshahara? Anatafuta nini huko?"

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu. Mdomo ni wangu."

Siku ya kumi ujumbe ukaingia: "Umeshinda. Narudi Jumamosi."

Nilipiga mluzi mpaka wateja wakauliza kulikoni. Mama akapiga kigelegele. Lakini namjua mtu wangu, ule ujumbe haukuwa na furaha ndani yake. Nikampigia.

"Kuna nini, mpenzi?"

"Si ulitaka nirudi? Narudi."

"Niambie ukweli."

Akaanza kulia. "Nimeaibika, Fundi. Kuna kasa waliopimwa mwaka jana, wana namba kwenye mapezi. Nimewapima tena kumi na mmoja. Wote wamepungua urefu! Profesa mkuu wa kituo kasema kasa hapungui, kwa hiyo mimi ndiye nisiyejua kupima. Kaniondoa kwenye utafiti."

Nilimpa pole, nikamwambia aje, nyumbani ni nyumbani. Nakiri, moyoni nilikuwa nashangilia.

Ila kulikuwa na kazi yake moja haijaisha. Kabla hatujagombana aliniomba nimshonee kasa wa kitambaa, ukubwa wa kasa halisi, ili wanafunzi wapate wa kumshika, maana wale hai hawaruhusiwi kuguswa ovyo. Alinitumia vipimo vya kasa aliyempima mwenyewe. Nikaona heri nimalizie, hata kama ataishia kuwa pambo la sebuleni.

Nikashona gamba la mgongoni. Likavuta, likabana kwa urefu. Nikafumua, nikashona upya, likavuta palepale. Ubavu kwa ubavu kitambaa kilikuwa na nafasi ya kupanda mgongo na kushuka. Kichwani hadi mkiani hakikuwa nayo.

Nguo ilinivuta hivyo mara moja tu maishani, siku za kujifunza kazi, nilipompima mteja mwenye kitambi kwa rula.

Mkasi ukanidondoka.

"Mama! Mchumba wangu anajua kupima! Upana kapima kwa tepu, urefu kapima kwa kitu kilichonyooka."

"Sasa?"

"Waliopima mwaka jana kama walilaza tepu juu ya mgongo, lazima vipimo vyao vizidi. Kasa hawajapungua hata kidogo."

Mama akatazama nje, akarudishia mlango.

"Nyamaza, mwanangu. Jumamosi ni keshokutwa. Ukimwambia, atabaki."

"Najua."

"Na harusi?"

Nilimtaka arudi, Mungu ni shahidi wangu. Lakini nilifikiria nikimvika shela mwanamke anayeamini hajui kazi yake, huku mimi nikijua kwamba anaijua. Ningemtazamaje usoni? Nikapiga simu.

"Mwalimu, urefu wa kasa unapima kwa kifaa gani?"

"Kuna chuma cha mikono miwili, kinambana kasa mbele na nyuma. Ndicho nilichokikuta. Upana natumia tepu. Kwa nini?"

"Na waliokutangulia?"

"Sijui. Fomu imeandikwa 'urefu' tu, haisemi... Fundi. Subiri. Fundi!"

Simu ikakatika.

Kesho yake saa nne asubuhi ukaja ujumbe: "Profesa kampima kasa mmoja kwa chuma na kwa tepu, mbele ya watu wote. Chuma kimetoa urefu mdogo kwa sentimita tano! Kaniomba radhi hadharani. Nimerudishwa."

Kisha mwingine: "Sasa nakuomba tena ile miezi mitatu. Ukikataa nitakuelewa."

Nikajibu: "Kasa wako anakuja, namkata upya kwa kuongeza hizo sentimita tano. Baki umalize. Na unisamehe mdomo wangu."

Baada ya wiki tatu akapiga simu ya video akiwa darasani. Watoto walikuwa wamepanga foleni kumkumbatia kasa wangu. Profesa, mama mwenye mvi na miwani, akamuuliza kitu kwa lugha yao. Mchumba wangu akajibu, kisha akanigeukia.

"Ameuliza ni mtaalamu gani aliyegundua kosa la fomu zao."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni mume wangu. Fundi cherehani."

Mume! Hata mahari sijamaliza! Nilijiona mrefu kuliko mlango wa duka langu. Kabla sijasema kitu, mama akaninyang'anya simu.

"Mwambie huyo Profesa wenu, mkwe wangu namwazima kwa miezi mitatu tu. Na asirudi amepungua!"

Mchumba wangu alipotafsiri, darasa zima likaangua kicheko, Profesa akavua miwani kufuta machozi. Tangu siku hiyo kila mteja anayeingia dukani lazima mama amweleze kwamba mkwe wake ni mtafiti wa kimataifa. Kuhusu mshahara hasemi kitu.

Niliporudishiwa simu, mchumba wangu alikuwa ametoka nje, peke yake.

"Na gauni langu utalikata lini, Fundi?"

"Ukirudi. Vipimo nitachukua mwenyewe."

"Kwa chuma?"

"Kwa tepu, mke wangu. Polepole."