Sanduku la Matundu Sita

Watu wa stendi ya Same watakwambia kwamba Sadock, fundi mabango, ni shujaa. Waache waseme. Mimi nakueleza ilivyokuwa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya upepo, na Same ikiamua kuvuma haina mchezo. Sadock alikuwa ameshusha kutoka basi la Dar mabamba yake ya akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, anayokatia mabango ya maduka. Ameyakumbatia kwa mikono miwili yasipeperuke. Mtu mrefu, kifua kama mlango wa ghala, ovaroli la bluu limefungwa mpaka shingoni. Pembeni yake gari dogo la abiria, Noah ya kutoka milimani, lilikuwa linashusha abiria. Akashuka dada mmoja, gauni la kitenge cha njano, raba nyeupe, nywele za mistari, mkononi kikapu kilichofunikwa khanga.

Upepo ukaibeba ile khanga. Kabla dada hajawahi kuidaka, kitu cha kijani kikatoka kikapuni, kikashika ukingo wa bamba, kikapanda pole pole mpaka begani kwa Sadock, kikatulia hapo.

"Kinyonga," alisema mama muuza ndizi.

Watu wakatimka. Mama aliacha ndizi zake, konda akaacha basi lake, na bodaboda mmoja aliondoka bila abiria wake. Katikati ya stendi akabaki Sadock peke yake.

"Kaka, tulia hivyo hivyo," alisema yule dada. "Kaumia mguu. Usimtikise."

"Nimetulia."

Alitulia kweli. Kinyonga alimtazama kwa jicho moja, kwa jingine akamtazama dada. Dada akaja, akanyoosha mkono mpaka shingoni kwa Sadock, akamchukua mnyama wake kwa upole. Alinukia sabuni na majani mabichi.

"Wewe ni mwanaume wa kwanza ninayemwona hakimbii kinyonga," alisema. "Naitwa Agape. Nafundisha baiolojia hapa Same. Huogopi?"

"Niogope nini? Si mdudu tu."

Uongo mtupu. Hakukimbia kwa sababu miguu iligoma. Bibi yake kule Gonja alimlea kwa maneno kwamba kinyonga akikung'ata haachii mpaka radi ipige, na Sadock, miaka thelathini na miwili, aliyaamini maneno hayo kama Injili. Alirudi karakana, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatetemeka mpaka saa sita. Lakini walikuwa wameshapeana namba za simu, na ya Agape alikuwa nayo mfukoni.

Jioni simu ikaita.

"Fundi, nimekukumbuka. Mgonjwa wangu anahitaji nyumba."

"Mgonjwa yupi?"

"Wewe naye. Kinyonga. Watu walimpiga mawe kule kwetu juu, mguu ukateguka. Daktari wa mifugo kasema apumzike wiki tatu, na bwana maliasili kanipa barua nimtunze, kisha nimrudishe msituni. Sasa hivi nimemweka kwenye ndoo nikafunika neti."

"Chumbani unakolala?"

"Ulitaka nimlaze wapi, kwa jirani?"

Sadock alimwona akilini yule mnyama akiparamia neti usiku, akishukia kwenye mto wa kitanda, akimng'ata Agape kidole. "Nitakutengenezea," alisema. "La akriliki, aonekane pande zote."

Juma lile Agape alipitia karakana kila akitoka shule, na jioni Sadock akamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Sadock alimwonyesha namna ya kukata: unakwaruza kwa kisu mara kumi kwenye mstari, kisha unavunja ukingoni mwa meza. Gundi yenyewe ilikuwa klorofomu, nyembamba kama maji, harufu yake tamu inayoumiza kichwa.

"Ndiyo maana lazima lipunge hewa siku tatu kabla ya kukaliwa na kiumbe," alimwambia.

"Na matundu uniwekee arobaini, fundi. Apumue."

"Arobaini? Si atatoka?"

"Tundu la punje ya mahindi atapitaje? Au unamwogopa?"

"Mimi?"

Agape akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nikwambie kitu, Sadock, usije ukakisikia kwa watu. Niliwahi kuolewa Moshi. Yule bwana hakunipiga. Alinidanganya tu, vitu vidogo vidogo, kila siku. Nikaondoka. Watu hapa wananiita mwanamke aliyeachika. Hilo navumilia. Uongo ndio siwezi tena."

Hapo ndipo hofu ya pili ilipomwingia Sadock, na hii ilizidi ya kwanza. Alikuwa keshampenda yule mwalimu kiasi cha kukosa usingizi, na tangu dakika ya kwanza alikuwa amemdanganya. Mtu mwenye akili angekiri palepale. Yeye aliinama akaendelea kupiga msasa.

Jumamosi alitoboa matundu akiwa peke yake. Kila tundu aliona vidole vinachungulia. La kwanza, la pili, mpaka la sita, kisha akazima mashine. Kwenye pembe akamimina gundi mara mbili ya kawaida, na mfuniko wa kuteleza akaubana kwenye mfereji wake usiache upenyo. Siku tatu za kupunga hakuzikumbuka, alichotaka ni mnyama yule afungiwe leo. Saa kumi na moja jioni akabisha mlangoni kwa Agape.

"Karibu ndani, mpenzi. Chai iko tayari."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Sadock alichungulia juu ya bega lake, akaiona ile ndoo. Neti ilitikisika.

"Nina haraka kidogo."

"Hata kikombe kimoja? Wiki nzima nakukaribisha, unaishia kizingitini."

Uani, Mama Esta, jirani, alikuwa anaanua nguo pole pole mno. Agape alimtazama jirani, akamtazama Sadock.

"Nimeelewa," alisema. "Kwenye karakana yako mimi ni mwalimu mzuri. Kuonekana unaingia kwa mwanamke aliyeachika, hapana."

"Agape, siyo hivyo."

"Ni vipi, basi? Niambie."

Akiusema ukweli ni mwongo, asipousema ni mwoga wa watu. Akakabidhi sanduku, akageuka akaenda, na mlango ukafungwa nyuma yake. Bwana wee, hata mimi nilimhurumia.

Jumapili, ibada ya pili ndiyo imetoka tu, jua limesimama utosini, simu ikaita. Sadock aliona jina, akapokea upesi.

"Sikupigii kwa mapenzi," alisema Agape, na alikuwa analia. "Nimerudi kutoka kanisani nimemkuta kinyonga kafumba macho mchana huu, mdomo wazi. Mfuniko haufunguki. Gundi imeushika usiku. Kuna harufu humo ndani, Sadock, nami nilidhani umeshalipunga hewa. Na matundu ni sita. Kwa nini ni sita?"

"Kama sanduku liko juani, lisogeze kivulini. Nakuja."

Alikimbia na shati lake jeupe la kanisani, kisu cha kukwaruzia mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Akafika kizingitini, na miguu ikagoma kama siku ile ya stendi. Ndani, Agape amepiga magoti mbele ya sanduku, mashavu yamelowa.

"Ingia basi. Mama Esta hayupo."

"Siyo Mama Esta," alisema Sadock. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye macho. "Naogopa kinyonga. Tangu utoto. Siku ile stendi sikuwa jasiri, miguu ilikataa. Nilikudanganya. Na matundu nimeweka sita kwa sababu nilikuwa naogopa atoke. Nimemfungia hewa kwa uoga wangu."

Agape alifuta machozi. "Ingia hivyo hivyo na woga wako," alisema. "Anakufa."

Akaingia. Akapiga magoti, akakwaruza ubavu wa sanduku, mara moja, mara mbili, mstari ukipinda. Mara ya kumi akasukuma. Bamba likapasuka nusu, likaning'inia ndani, ncha yake juu ya mgongo wa mnyama. Harufu ya klorofomu ikawapiga usoni. Agape akalidaka lile bamba kwa mikono miwili.

"Nikiachia litamchoma. Mtoe wewe."

"Agape."

"Ingiza mkono. Chini ya tumbo. Mwache akushike mwenyewe."

Sadock alifumba macho, akayafumbua, maana kufumba kulizidisha. Akaingiza mkono. Kitu kikavu, chepesi, kikamgusa. Vidole vikamshika kidole gumba, kwa nguvu ya kitoto. Alisubiri kung'atwa. Hakung'atwa. Akatoka naye mpaka chini ya mpapai, kwenye upepo, Agape akimnyunyizia mnyama maji, na wote watatu wakakaa pale. Baada ya muda mrefu jicho moja likafunguka, likazunguka, likamtazama Sadock.

"Nasikia kizunguzungu," alisema fundi.

"Egemea hapa," alisema Agape, akamsogezea bega.

Wiki mbili baadaye, mguu ulipopona, walipanda Noah hadi Chome, wakatembea mpaka msitu unapoanzia. Ukungu ulikuwa mzito. Sadock alivaa sweta, na kinyonga alikuwa kwenye mkono wa sweta hilo, maana fundi alikataa abebwe na mtu mwingine. Alimsogeza kwenye tawi. Mnyama akatoa mguu, akaurudisha, akautoa tena, akaenda zake.

"Agape. Nataka kumtuma mshenga kwa mama yako."

Alijifunga khanga upya, akaifungua, akajifunga tena.

"Naogopa," alisema mwishowe. "Kinyonga simwogopi, nyoka simwogopi. Kuolewa tena naogopa. Nilikuwa nasubiri uniambie niache kuogopa, nikukatalie."

Sadock alimshika mkono.

"Basi tuogope wote wawili," alisema. "Mimi nimeshazoea."

Agape aliangalia lile tawi, ambako sasa hakuonekana kitu ila majani.

"Mtume," alisema. "Ila mwambie avae viatu vizuri, njia ya kwetu inateleza."