Aliyewatangulia Tarakea

Mama mwenye mgahawa pale Mkuu hakuwauliza watakula nini. Alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia meza mkononi, akamtazama Mzee Melkior akishuka garini, kisha akasema kwa upole, akimwita mzee kwa Kichagga, "Mmesahau kitu, Meku?"

Mzee Melkior alikuwa hajakanyaga Mkuu kwa miaka tisa. Alidhani amefananishwa, akacheka kidogo.

"Ndiyo kwanza tunafika, mama," alisema Jovin, mwanawe, akifunga mlango wa gari.

Yule mama naye akatabasamu kama mtu anayetaniwa. "Si mlikaa pale dirishani? Wewe, mzee, na huyu dada. Gari ndiyo hiyohiyo nyeupe. Mkaagiza mtori wa ndizi, hata kijiko hamkutia. Nikasema labda nimezidisha chumvi."

Mabakuli matatu yalikuwa bado mezani. Violet, mke wa Jovin, alisogea akayachungulia. Juu ya mtori palikuwa pameota kuvu la kijivu, refu kama manyoya ya kifaranga.

"Umeupika lini?" aliuliza.

"Asubuhi hii hii. Hata saa nzima haijapita tangu muondoke." Mama wa mgahawa akainama, akaona alichokuwa anakiona Violet, na tabasamu lake likapotea.

Hawakula. Walirudi garini, kila mmoja akingoja mwenzake atoe maelezo.

Ilikuwa Mei ya mwaka tisini na tano, na safari yenyewe Mzee Melkior alikuwa ameiahirisha kwa miaka. Alikuwa katekista mstaafu wa Kibosho, mtu aliyefundisha watoto wa vijiji vitatu sala zao zote, na kwake neno likishatoka lilikuwa limetoka. Binti yake Theodora alipopata mimba kabla ya ndoa, alimwambia asikanyage tena kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba yao. Miezi kadhaa baadaye Theodora alirudi usiku wa mvua, amembeba mtoto mchanga anayekohoa, akagonga. Mzee alikuwa macho. Alisikia kila pigo la ule mlango, na hakufungua. Mtoto alifia njiani kabla hawajafika hospitali. Theodora akaenda zake Rombo, akaolewa Tarakea, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja, Lucky, ambaye babu yake hakuwahi kumwona.

Sasa Jovin alikuwa amenunua Corolla, moja ya yale magari yaliyotumika yaliyokuwa yakishushwa kutoka Dubai kila wiki. Mzee akamwambia, "Nipeleke kwa dada yako kabla sijafa." Alikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo kama wazee walivyofanya tangu zamani, kwa sababu kwa Mchagga anayeletewa sale hakatai kusamehe. Alilishika mkononi njia nzima. Alitaka wapite njia ya juu, avione tena vijiji vya kale: misheni ya Kilema, soko la Marangu, madaraja ya mawe yaliyojengwa enzi za Wajerumani, miteremko ambako mtu akitema mate yanafika mtoni kabla yake.

Kilema ndiko walikokutana na yule mtu.

Violet ndiye aliyekumbuka kwanza, wakiwa bado nje ya mgahawa wa Mkuu. Walikuwa wamesimama chini ya misheni kungoja ukungu upungue, na mwanamume mmoja aliyevaa suti nyeusi akaja dirishani kwa Mzee akiomba lifti. Jovin alimwambia nyuma kumejaa ndizi na dumu la pombe ya mbege. Hakubishana. Aliinama akauliza wanaelekea wapi, na Mzee, mtu wa adabu za zamani, akamjibu. Wanakwenda kufanya nini? Kuomba msamaha. Kwa nani? Kwa binti yangu, Theodora, Tarakea, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Peke yenu? Tunampitia rafiki yangu Kornel pale Usseri, awe shahidi.

"Vizuri," alisema yule mtu. "Basi mimi natangulia."

"Kulikuwa na baridi," Violet alisema sasa, kwa sauti ya chini. "Sisi wote tulikuwa tunatoa moshi mdomoni. Yeye hakutoa. Na viatu vyake, Jovin, kwenye matope yale, vilikuwa vinang'aa."

"Watu wa mjini wanavaa vizuri," alisema Jovin. Lakini aliwasha gari haraka.

Usseri walimkuta Beatrice, binti wa Kornel, akianua nguo. Aliwaona, akasimama na shuka mikononi.

"Shikamoo, baba," alimwambia Mzee, akisita. "Mbona mmerudi? Baba yuko wapi?"

"Tumekuja kumchukua," alisema Mzee Melkior.

"Mmeshamchukua." Beatrice aliwatazama mmoja mmoja. "Ameondoka na ninyi sasa hivi. Wewe ulikaa mbele. Nilikuamkia, hukuitikia, nikasema labda unaumwa. Na ile harufu garini mwenu, nilitaka kuuliza, mlibeba nini? Kama udi, na kama nywele zinaungua."

Mzee alimsogelea. "Beatrice, mwanangu," alisema, "ingia ndani ufunge mlango. Akija mtu mwenye sura yangu, usimfungulie. Hata mimi usinifungulie."

Kutoka Usseri Jovin aliendesha kama mtu asiye na breki, na ukungu ulikuwa umeshuka tena, mzito, ukiingia kwenye mashamba ya kahawa na kutoka upande wa pili, na ilikuwa saa nane mchana lakini alilazimika kuwasha taa, na mara tu alipoziwasha wakaona mbele yao, kwenye kona, taa mbili nyekundu za gari jeupe. Akaongeza mwendo, na gari la mbele nalo likaongeza. Akapunguza, nalo likapunguza, hata Violet akaweza kusoma namba zake na kuanza kulia bila sauti, kwa maana zilikuwa namba zao, na ndani yake, nyuma ya kioo, palikuwa na vichwa vinne, na kimoja kati ya hivyo, kilichofungwa kitambaa cha njano kama alichojifunga yeye asubuhi, hakikutikisika hata gari liliporuka kwenye mashimo.

Kisha kona nyingine, na barabara ikawa tupu.

Walimkuta Mzee Kornel amekaa kwenye ukingo wa kalvati, peku, rozari imezungushwa kwenye ngumi. Jovin alipomsogelea akajikunyata.

"Msinisogelee. Melkior, sema kitu ambacho mimi na wewe tu tunakijua."

Mzee Melkior alifikiri. "Mwaka wa hamsini na mbili tulikunywa divai ya padre," alisema. "Tukajaza maji."

Kornel akaanza kulia. Walimwinua wakamweka garini, na alipoweza kusema alisema polepole, akitazama magoti yake. "Nilidhani ni ninyi. Nilikaa nyuma na mwenye sura ya Violet. Njia nzima hao wengine hawakugeuka. Ni wewe tu uliyekuwa unasema, Melkior, ukijifunza maneno. Unarudia, unarudia. Nisamehe mwanangu. Nisamehe mwanangu. Kila ukirudia, sauti inakuwa nzuri zaidi. Nilipoanza sala ya Baba Yetu gari likasimama, ukaniambia, Kornel, shuka, hapa panatosha." Akashika mkono wa rafiki yake. "Ni jini. Wazee walisema, usimwambie mtu wa njiani unakokwenda na haja yako, kuna anayesikiliza. Turudi. Ukifika sasa utakuwa wa pili, na wa pili ndiye mwongo."

"Yuko na mwanangu," alisema Mzee Melkior. "Na mjukuu."

Nyumba ya mwisho kabla ya msitu ilikuwa ya mbao na bati, na uwanjani hapakuwa na gari lolote wala alama ya tairi. Mlango ulikuwa umefungwa. Waliposhuka walisikia mtu analia ndani, kilio cha mwanamume mzee, na Jovin akageuka kumtazama baba yake, kwa sababu alikuwa anaijua ile sauti na hakuwahi kuisikia ikilia.

Mzee Melkior alikwenda akagonga. "Theodora. Ni mimi, baba yako. Fungua."

Kilio kikakatika. Kisha sauti ya mwanamke, imekauka kwa hofu. "Baba yangu yuko hapa. Wewe ni nani?"

"Toka nje na mtoto. Huyo siye. Mimi ndiye."

"Amenionya kwamba utakuja," alisema Theodora. "Amesema utakuja na sura yake."

Jovin aliuvamia mlango kwa bega. Ulikuwa mlango wa mbao za kawaida, uliofungwa kwa komeo moja, mlango ambao hata Violet angeuvunja, lakini haukutikisika, akaupiga tena na tena mpaka bega likavimba, akazunguka madirishani na kila ubao wa dirisha ulikuwa hivyohivyo, mgumu, wenye joto, kana kwamba upande wa pili wamejiegemeza watu wengi kimya kimya, na wakati wote huo sauti ya ndani iliendelea kusema, haikupaza, haikuharakisha, ikisema yote ambayo Mzee Melkior alikuwa ameyabeba miaka tisa na hakujua angeanzaje: kwamba usiku ule alikuwa macho, kwamba alihesabu mapigo, yalikuwa kumi na saba, kwamba alisikia mtoto akikohoa na akajifunika blanketi kichwani kwa sababu ya majirani, kwamba tangu siku ile hakuna mlango aliousikia ukigongwa asimsikie yeye.

Mzee alikuwa amekaa chini kwenye matope, kichwa kimeegemea mlango. "Sijawahi kumwambia mtu," alinong'ona. "Hata kwenye kitubio."

"Sema basi, Baba," Violet alimwambia. "Sema na wewe, akusikie."

Alijaribu. Lakini kila alipoanza neno, sauti ya ndani ilikuwa imeshalimaliza, kwa uzuri kumshinda, na mwishowe akanyamaza, akasikiliza kama wengine. Wakamsikia Theodora akilia. Wakamsikia akisema, "Nimekusamehe, Baba. Nimekusamehe kabisa."

Ndipo komeo likaachia lenyewe.

Ndani walimkuta Theodora amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, na Lucky, mtoto wa miaka sita, amesimama ukutani, macho makavu. Mikononi mwa Theodora mlikuwa na jani la sale lenye fundo, limeungua na kuwa jeusi. Chumba kizima kilinuka nywele zinazoungua. Mzee Melkior alinyoosha mkono wake wenye jani bichi, akasema, "Mwanangu." Theodora aliposikia ile sauti akapiga yowe, akatambaa mpaka pembeni, akajiziba masikio.

Kesho yake padre alikuja, akanyunyiza maji ya baraka kila kona, akasali nao mpaka jioni. Kornel alikula kiapo juu ya msalaba. Theodora alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, na walipokuwa wanaondoka alimvuta Jovin kando.

"Naamini, kaka. Yule hakuwa Baba," alisema. "Lakini yule alilia."

Mzee Melkior hakwenda tena Tarakea. Alituma barua tatu kwa mkono wa Jovin, na Theodora alizipokea lakini hakuzifungua, akisema hawezi kuyasoma maneno yake bila kuisikia sauti. Mwezi wa Januari Mzee alilala asiamke. Walituma ujumbe Tarakea kwa basi la asubuhi, wakangoja siku tatu, kisha padre akasema haifai kungoja zaidi.

Jeneza lilikuwa limeshateremshwa kwenye kaburi, pale kihambani, na Jovin ameshika koleo, wakati Theodora alipotokea kati ya migomba amemshika Lucky mkono. Hakuvaa nguo za msiba. Uso wake ulikuwa umetulia, mzuri, kama wa msichana. Aliwatazama waombolezaji wote kwa mshangao.

"Mnamzika nani?" aliuliza.

Jovin alisema, "Dada, hukupata ujumbe wetu?"

"Ujumbe gani? Baba mwenyewe amekuja kunichukua. Amesema leo narudi nyumbani." Akageuka nusu, akaonyesha barabarani, ambako hawakuona kitu kwa sababu ya majani, ila walisikia injini ya gari lililosimama ikinguruma polepole. Corolla ya Jovin ilikuwa palepale nyuma ya jiko, funguo ziko mfukoni mwake.

Honi ikalia mara mbili, bila haraka.

"Anaita," alisema Theodora. Akauweka mkono wa Lucky kwenye mkono wa Violet. "Nishikieni mtoto kidogo." Na akatembea kurudi alikotoka.

Jovin alitupa koleo akakimbia, na wanaume wengine wakamfuata, na hapakuwa na umbali wa hatua hamsini kati ya kaburi na barabara. Walipofika injini ilikuwa haisikiki. Barabara ilikuwa tupu juu na chini, matope ya mvua ya usiku yamelala laini, na ndani yake mlikuwa na nyayo za Theodora na Lucky zilizokuja, na za Theodora peke yake zilizorudi, zimetoka kwenye migomba mpaka katikati ya barabara, zikaishia hapo. Walitafuta siku tisa, mitoni na msituni. Padre alipabariki mahali pale, na mganga mmoja aliyeletwa kutoka Same alipatazama kwa mbali, akakataa kushuka garini.

Lucky alikulia kwa Jovin na Violet. Nyumbani mwao hakuna anayemwita mtu kutoka nje. Ukimtaka mtu unaingia ndani, unamfuata alipo, unamgusa begani, ndipo unasema. Na yule mtoto, hata alipokuwa msichana mkubwa, alipoguswa hivyo alitazama kwanza mdomo wa aliyemgusa, asubuhi za baridi hasa, akangoja mpaka auone moshi wa pumzi, ndipo akaitika.