Tosha Kabisa

Saa tano asubuhi, katikati ya kelele za kituo cha Park, Johannesburg, mwanamke mmoja alikuwa akigombana na wapagazi wa basi lililotoka Durban kwa ajili ya mlango. Mlango mzima wa mbao, mrefu kumpita yeye, umefungwa kwa mablanketi mawili na kamba. Mwanamke mwenyewe ni Zubeda binti Jumbe, mzaliwa wa Tanga: baibui jeusi lenye nakshi za fedha, ushungi wa zambarau, na viatu vya kisigino ambavyo mwenye akili zake hangevivaa siku ya kubeba mlango.

"Sista, umehama?" sauti ya kiume ikamuuliza kwa nyuma. "Mlango naiona. Nyumba iko wapi?"

Zubeda aligeuka akiwa na tusi tayari mdomoni, likamwishia hapo hapo. Mwanaume alikuwa mrefu, ovaroli ya bluu, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, penseli nyuma ya sikio.

"Nyumba iko baharini," akajibu. "Kama una nguvu, beba. Kama una maneno, pita."

"Niko na byote mbili."

Aliitwa Adamu, seremala, mzaliwa wa Kasongo aliyekulia Lubumbashi, na karakana yake ilikuwa Jeppestown. Waliupakia mlango kwenye bakki, pikapu ya kukodi, na njiani Zubeda akamsimulia. Mlango ulikuwa wa studio ya Marietta, meli iliyotia nanga miaka mingi nje ya mipaka ya nchi za Ulaya, ikirusha muziki wa redio bila leseni ya serikali yoyote.

"Kumbe ni maharamia!"

"Maharamia wa santuri. Hawakumchinja mtu."

Sasa meli ilikuwa inaoza bandarini Durban, ikingoja kukatwakatwa. Chama anachofanyia kazi Zubeda, chini ya mama mmoja mkali aitwaye Lerato, kilikuwa kikiokoa cha kuokoleka ili studio ijengwe upya katika ukumbi wa maonyesho hapa Johannesburg. Meza, rafu, viti, vyote vilihitaji fundi. Adamu akapata kazi, na ukweli usemwe, alipata zaidi ya kazi.

"Umekula?" Zubeda angempigia simu mchana.

"Bado, chérie. Nimeshiba sauti yako."

"Muongo! Sauti haina mchuzi."

"Basi leta mchuzi. Na sauti usiache."

Jambo moja tu Zubeda hakumwambia Adamu. Nyuma ya mlango ule mabaharia wa Marietta walikuwa wameandika majina yao kwa rangi, na chini kabisa, kwa herufi za kupinda, palikuwa na JUMBE TANGA. Baba yake alikuwa mpishi wa meli ile. Alifariki Zubeda akiwa na miaka sita, na hakuacha mwandiko mwingine popote duniani. Mama yake kule Tanga alikuwa akiingoja picha ya jina lile kama mtu anayengoja barua. Zubeda alitaka kumwonyesha Adamu siku ya ufunguzi, na picha ipigwe siku hiyo hiyo, akiwa amependeza, amsimulie akilia kidogo. Mapozi hayo yalimponza.

Alhamisi moja, akiwa amebanwa ndani ya teksi karibu na Joubert Park, ujumbe wa Adamu uliingia: "Mlango, upande wa nyuma iko na maandiko ya rangi ya zamani. Nifanye nini?"

Zubeda akajibu upesi, kidole kimoja: "Tosha kabisa, usiongeze kitu."

Kesho yake alifika karakana pamoja na Lerato. Adamu alikuwa amevaa shati safi, anatabasamu. Mlango uling'aa mbele na nyuma, mbao tupu, laini.

"Majina yako wapi?" Zubeda akauliza.

"Nimepangusa byote, vile ulisema."

"Mimi nilisema? Mimi?" Sauti ilimpanda. "Umemfuta baba yangu! Jina lake lilikuwa hapa, Adamu, hapa!" Kisha akageukia Kiingereza, ili Lerato na mafundi wote wasikie vizuri: "Kichwa hakisomi! Ndiyo maana wanawaita makwerekwere!"

Neno hilo wageni wote wa mji huu wanatupiwa, naye Zubeda alishatupiwa kwenye foleni ya spaza, kiduka cha mtaani, na akalia usiku kucha. Leo alilitoa kinywani mwake mwenyewe.

Adamu alitoa simu mfukoni, akasoma kitu, akamtazama usoni. Akairudisha simu.

"Pole, Zubeda. Ni kosa yangu."

Lerato akamfukuza kazi pale pale.

Wiki tatu zilipita bila simu. Zubeda alijipa moyo kwamba ana haki ya kukasirika, na haki hiyo akailea vizuri. Siku moja akaenda Berea kwa Shekinah, mshonaji Mkongo wa Lubumbashi, kupima gauni la ufunguzi.

"Tosha viatu, mama," Shekinah akamwambia mlangoni. "Nimetoka kupiga deki."

"Viatu vimetosha nini?"

Shekinah akacheka. "Tosha! Vua! Vitoshe mu miguu."

Zubeda alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Na kitu kikiwa... hakihitaji kuongezwa, nyinyi mnasemaje?"

"Tunasema inaenea. Weye unasemaje?"

Zubeda alifungua simu, akautafuta ujumbe wake, akausoma kwa masikio ya Lubumbashi. *Ondoa kabisa, usiongeze kitu.* Akaketi sakafuni. Shekinah akamletea maji. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini wa kwake uliponza kichwa cha mwenzake.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Wazo hilo lilimjia, tusimpambe, na alitembea nalo mitaa miwili. Kisha akampigia Lerato.

"Ni mimi niliyemwagiza Adamu. Nilitumia neno ambalo kwao maana yake ni kuondoa."

Lerato akasema: "Zubeda, mimi nilimfukuza mtu."

"Najua."

"Basi utayasema mbele ya wale wale."

Jumatatu asubuhi mafundi wa karakana walikusanyika ukumbini. Adamu, aliyeitwa na Lerato, alisimama karibu na mlango wa Marietta, mikono mfukoni. Zubeda alivaa baibui lisilo na nakshi. Alisema yote kwa Kiingereza, sauti ikikatika, na neno lile la kwerekwere akalitaja kwa jina lake, hakulizunguka. Kisha akamgeukia Adamu kwa Kiswahili.

"Nimekudhulumu, na wewe hukujua hata kosa ni la nani."

"Nilijua."

"Lini?"

"Siku ile ile. Miaka tisa naishi na Batanzania, najua tosha yenu na tosha yetu. Nilisoma message mara ya pili, nikaelewa."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungejua ni weye ulimufuta papa yako. Niliona heri unichukie miye."

Zubeda alijifunika uso kwa mikono. Alitamani ardhi ipasuke.

"Lakini lile neno," Adamu akaendelea taratibu, "lile liliniuma sana. Lile siwezi kukubebea."

"Nitalibeba mwenyewe. Nisamehe, Adamu. Na kama bado unanitaka, nioe."

Fundi mmoja aliyejua Kiswahili aliangusha patasi. Adamu akamtazama mwanamke huyu asiye na breki.

"Ulinitukana mbele ya batu, sasa unaniposa mbele ya batu?"

"Ndiyo."

Alijitahidi kukunja uso, kicheko kikamshinda. "Eish. Nipigie mama yako."

Simu iliita Tanga, ikapokelewa. Adamu akajikohoza.

"Shikamoo, mama. Naitwa Adamu. Niko na habari mbili, moja ya heri, moja ya msiba. Tuanze na gani?"

Zubeda akamnyang'anya simu. "Ya msiba ni yangu," akasema, akavuta pumzi. "Mama, lile jina la baba halipo tena. Nimelifuta mimi."