Tufe Lililoanguka Kabungu

Alhamisi, tarehe 12 Februari 1998. Manyunyu yalikuwa hayajakatika saa mbili asubuhi, Koplo Lyamba alipofika Kabungu kwa baiskeli. Tufe la chuma lilikuwa limetoweka tangu jana.

Lilidondoka kutoka angani wiki tatu nyuma, shambani kwa Bibi Eufrazia, mjane asiye na mtoto. Lilikuwa kubwa kama mtungi wa maji, lakini tupu ndani na jepesi. Barua ya serikali ilieleza kuwa ni kipande cha roketi ya kampuni binafsi ya nje. Nchi iliyoipa kampuni hiyo leseni ya kurusha roketi ndiyo inayowajibika kwa kinachoanguka, hivyo kipande kitunzwe mpaka ofisa aje Ijumaa kukichukua.

Mgambo walikuwa wamemkamata Nestori, mhunzi, mkimbizi wa makazi ya Katumba, kwa kuwa alionekana akiligonga tufe kwa nyundo. Kibali chake cha kutoka makazini kilikuwa karibu kuisha. Akiwa na kesi hatapewa kingine, na kazi yake Kabungu imekwisha.

"Nililigonga mara moja tu, afande," Nestori alisema. "Moto wangu hauliwezi. Niliibe la nini?"

Lyamba alipekua kibanda chake. Hakukuta kitu.

Bibi Eufrazia alimpa kigoda na uji. Alisimulia jinsi watu walivyokuja kulitazama tufe, wengine kutoka Mpanda mjini. Zamani, alisema, wiki iliisha bila mtu kumpigia hodi. Akamsihi asiondoke mapema.

Lyamba alikunywa akitazama kihenge cha mahindi barazani. Mlango wake ulikuwa umezibwa kwa udongo mbichi. Yeye ni mtoto wa mkulima. Kihenge huzibwa Julai, kikishajaa. Sasa mahindi yalikuwa bado mabichi shambani.

Aliita majirani, na mgambo wakamleta Nestori.

"Bibi, umeziba mahindi gani mwezi huu?"

Bibi alisogea penye kihenge. "Yaliisha Desemba, mwanangu."

Akaubomoa udongo kwa mikono yake mwenyewe. Tufe lilikuwa ndani.

"Wakilichukua, nani atanijia tena? Walipomkamata huyu nilitaka kusema. Kila nikisali, najiambia nitasema kesho."

Mgambo walimfungua Nestori kamba. Alisugua mikono, akimtazama bibi.

"Umenilaza ndani, bibi, nami sikukukosea." Kisha akawageukia majirani. "Nyie ni mashahidi. Nikipata kibali, kila Jumapili nitampitia bibi huyu twende misa pamoja."