Jiwe Upande wa Kulia

"Mama Lewis, hii gari yenu huwa inaona nini huko kushoto?"

Nyabuto, mzee wa jirani, aliuliza swali hilo mwaka jana, amesimama kando ya barabara kule Ikonge, kikapu cha majani chai kikiwa mgongoni. Pikapu ilikuwa imetoka kumpita, ikivuta kushoto kama ng'ombe aliyeona nyasi mbichi, naye Lewis akipambana na usukani kwa mikono yote miwili. Bathsheba hakumjibu jirani yake. Pikapu ile ilikuwa ya Thadeus, mumewe, na Thadeus alikuwa amezikwa juzi tu. Tangu siku hiyo alimsalimu Nyabuto kwa mbali, salamu ya kanisani, basi.

Ijumaa hii swali lilimrudia akiwa ndani ya pikapu hiyohiyo, juu ya ukingo wa Manga, na mbingu nyeusi kama sufuria ya msiba. Alikuwa amempakata Purity, mjukuu wake. Mtoto alikuwa na pumu. Tangu asubuhi kifua chake kilipiga filimbi, na zahanati walisema maneno machache: apelekwe Kisii, hospitali kubwa, awekewe oksijeni kabla ya giza. Barabara ya lami ilikuwa imefungwa, mto umepanda juu ya daraja. Ndiyo maana Lewis, baba wa mtoto, alishika njia ya juu, ile ya murami, udongo na changarawe tu, inayopita ukingoni, upande wa kulia ukuta wa mlima, upande wa kushoto hakuna kitu.

Nyuma, chini ya turubai, alikaa Nyabuto mwenyewe. Ndiye aliyembeba Purity mgongoni kutoka zahanati hadi barabarani, akapanda nyuma bila kuambiwa, na hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia ashuke. Alikaa karibu na jiwe.

Jiwe hilo lina habari yake. Bathsheba ni mzaliwa wa Tabaka, kwa watu wa mawe, na Thadeus alifanya biashara ya vinyago vya huko. Huko Tabaka, kitu kikilalia upande mmoja, iwe meza, iwe kibanda cha kuku, watu hawaulizi sana. Wanaweka jiwe upande wa pili. Kwa hiyo pikapu ilipoanza kuvuta kushoto, Thadeus alichagua jiwe zito, jeupe, lenye mishipa ya rangi ya waridi, akalichonga mifereji chini ili likae juu ya mabati lisiteleze, akaliweka nyuma upande wa kulia. Gari likatulia kiasi. Kisha Thadeus akafa, na alama za panga lake zikabaki kwenye jiwe.

Lewis alikuwa amejaribu. Alipima upepo wa tairi, ukawa sawa. Alizibadilisha za mbele, ya kushoto akaipeleka kulia na ya kulia kushoto, lakini gari likaendelea kuvuta kulekule. "Mama, si tairi," alisema. "Acha fundi afungue huku chini aone."

"Baba yako alishamaliza hiyo kazi," Bathsheba alijibu. Na mara nyingine harufu ya kuungua ilipoingia ndani ya gari, alisema ni moshi wa kiwanda cha chai.

Sasa njia ilianza kuteremka, na mvua ya mawe ikaanguka.

Haikuanza kwa matone. Ilimwagwa mara moja, mawe ya ukubwa wa mbegu za parachichi, yakagonga paa hadi Purity akaziba masikio. Murami ikawa nyeupe. Lewis alikanyaga breki taratibu, kama mtu anayekanyaga yai, na hata hivyo pikapu ikageuza kichwa kushoto kwa nguvu ambayo Bathsheba hakuwahi kuiona. Lewis alizungusha usukani kulia mpaka mwisho. Gari halikumsikia. Liliteleza kwa ubavu, likakata majani ya ukingoni, pua ikainama, kitu chini kikasaga mwamba, wakasimama.

Injini ilizimika. Mvua peke yake ndiyo iliyosema.

"Msitingishike," Lewis alinong'ona.

Bathsheba aligeuza macho tu, shingo ikabaki mahali pake. Chini ya mlango wake hapakuwa na barabara. Palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu, chini sana, sauti ya maji. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linaning'inia hewani.

Nyuma, sauti ya Nyabuto ilipenya turubai. "Mama Lewis. Sasa nimeona kile inaonanga."

"Mogaka," Lewis alimwita mzee bila kugeuka, "wewe uko upande gani?"

"Niko hapa na jiwe."

"Baki hapo hapo. Lilalie."

Walitoka kupitia mlango wa dereva, upande wa mlima. Lewis kwanza, polepole, kisha akampokea mtoto, kisha Bathsheba akajivuta juu ya viti kwa tumbo, akiomba kimoyomoyo, na kila alipojivuta chuma kilialika. Alipokanyaga ardhi, akakaa kwenye mawe ya barafu. Nyabuto alishuka wa mwisho. Pikapu iliyumba kama mzani, ikafikiri, kisha ikatulia. Jiwe la Thadeus lilikuwa limeishika mkia.

Walijibanza chini ya mwamba uliojitokeza ukutani, turubai juu ya vichwa. Nyuma yao mlima ulinguruma, na ukingo wa juu wa barabara ukaporomoka, tope na miti pamoja, ukaifunga njia waliyokuja nayo. Lewis aliinua simu juu, akaishusha, akaiinua tena. Mlima ulikuwa umesimama kati yao na mtandao.

"Dawa yake?" aliuliza.

Bathsheba alikitikisa kichupa cha kuvuta dawa karibu na sikio. "Imebaki kidogo sana." Alimpa Purity avute mara moja, akamfunika kwa leso yake kavu, akamkalisha wima ili kifua kipate nafasi.

"Maji?"

"Tuko ndani ya maji," Nyabuto alisema. Aliyeyusha mawe ya barafu kwenye kiganja, akamnywesha mtoto tone kwa tone.

Kisha mvua ikakatika, kama mlango uliofungwa.

Ukungu uliondoka bondeni kwa vipande. Bathsheba alisimama. Miaka yote ameishi nchi hii na hajawahi kuiona hivi. Vilima vyote vilikuwa vyeupe, mashamba ya chai meupe kama mashuka yaliyoanikwa, migomba imepasuliwa ikawa nyuzi, na moshi wa mapishi ukitoka katikati ya weupe ule kama pumzi za watu waliolala. Mbali kabisa, magharibi, jua lilipenya chini ya wingu, likagusa maji ya ziwa, na ziwa likawaka kama ufito wa dhahabu. Hakuna ndege aliyelia.

"Nyasae," Bathsheba alimwita Mungu, polepole. Alivua kitambaa kichwani, kisha akakumbuka kwamba mwanamke hukivaa anapoomba, akakirudisha.

Ndipo alipogeuka akaona gari.

Mawe ya barafu yalikuwa yamejaza kila mahali. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa jeupe, barafu imejaa kwenye matundu ya ringi. La nyuma kushoto jeupe. La mbele kulia jeupe. Lile la mbele kushoto, lililoning'inia hewani, lilikuwa jeusi, kavu katikati, na mvuke mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka kwake, umenyooka, kama mvuke wa chungu.

"Lewis. Njoo uone."

Walisimama wote wakaangalia. Nyabuto, ambaye lazima aguse kila kitu, alilala kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono hadi katikati ya gurudumu. Aliurudisha haraka akauma meno. Bathsheba alijaza barafu kwenye leso, akamfunga kiganja, akakaza fundo.

"Chuma kimeiva," Nyabuto alisema. "Hapa unachoma mahindi."

Lewis alipiga magoti, akashika tairi lenyewe, ambalo halikuwa na moto sana, akajaribu kulizungusha. Gurudumu lilikuwa hewani, hakuna kilicholizuia nje. Halikwenda. Alijitahidi tena. Lilikataa.

"Breki imeshika," alisema. "Hizi zingine zinaachia, hii haiachii. Inabana tangu Ikonge." Alimtazama mama yake. "Mama, inabana tangu mwaka jana."

Bathsheba aliona yote kwa pamoja, kama alivyoliona bonde. Ile harufu. Zile pedi za breki za kushoto ambazo kila mara ziliisha kabla ya za kulia, wakanunua nyingine bila kujiuliza. Gari lilikuwa linasema kila siku, na wao wakaliwekea jiwe linyamaze.

"Unaweza kuiachilia?"

Lewis alitoa spana chini ya kiti. Alijinyoosha ukingoni, Nyabuto akamshika miguu, akatafuta kiskrubu kidogo nyuma ya breki na kukilegeza. Mafuta ya breki yaliruka kwa nguvu, mepesi, yenye moto. Kisha Lewis akasukuma tairi kwa kidole, na gurudumu likazunguka, likazunguka, bila sauti. Nyabuto alipiga mluzi. Lewis alikaza skrubu, akaubana mpira wa breki ya upande huo kwa koleo iliyofungiwa kitambaa, akaikaza kwa ukanda wa tyubu.

"Sasa upande huu hauna breki kabisa. Nikikanyaga, gari itavuta kulia."

"Kulia ni mlima," Bathsheba alisema. "Ivute huko."

Lakini gurudumu lilikuwa bado hewani. Ilihitajika ngazi chini yake, kitu kigumu cha kukanyaga gari likirudi nyuma, na pale palikuwa na tope na barafu tu. Lewis alitazama huku na huku. Hatimaye alitazama nyuma ya pikapu, akashusha macho haraka.

Bathsheba alimwona. Alikwenda kwenye kifua cha Purity, akaweka sikio. Filimbi ilikuwa imekwisha. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alimtazama mtoto anavyovuta mabega juu, midomo ikibadilika rangi, akajua kwamba hewa haitoshi hata ya kupiga filimbi.

"Nipe panga," alisema.

"Mama..."

"Nipe panga. Mogaka, panda pale kona ya kulia, usimame juu ya bampa. Nikilitoa jiwe, wewe ndiye jiwe."

"Nimeitwa mengi," Nyabuto alisema, akapanda, mkono mmoja umefungwa, akajining'iniza upande wa mlima kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao.

Jua liligusa ziwa. Nyabuto alilitazama, akakohoa. "Mama Lewis, Sabato yenu inaingia. Unajua mimi ni Mkatoliki, lakini nakukumbusha tu."

"Ng'ombe yuko kisimani, mogaka, na Biblia inasema atolewe hata siku ya Sabato. Shikilia hapo."

Alipitisha vidole juu ya jiwe. Alijua mishipa yake, alikua akiyasugua mawe ya aina hiyo kwa maji tangu hajaenda shule. Aliona pale linapotaka kupasuka, palepale ambapo Thadeus aliacha alama zake za mwisho. Mkono ulisita hapo. Kisha akapiga. Jiwe lilifunguka kwa sauti laini, na ndani yake lilikuwa la waridi tupu, rangi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Alipiga tena, na tena. Lewis alibeba vipande, akavipanga chini ya gurudumu kimoja juu ya kingine, akatandika matawi ya mkaratusi juu ili tairi lisiteleze.

Aliwasha injini. Akaweka gia ya nyuma. Pikapu ilitetemeka, tairi za nyuma zikarusha barafu, gurudumu la mbele likashuka, likakanyaga jiwe la Thadeus, jiwe likalia, likashika. Gari likapanda barabarani kama mnyama anayetoka majini. Nyuma yake vipande viliteleza kimoja kimoja kwenda chini. Bathsheba alisikiliza, lakini hakuvisikia vikifika.

Waliteremka kwa gia ya kwanza. Lewis aligusa breki mara chache, na kila alipogusa, pikapu iliegemea mlima. Kwingine kote ilienda imenyooka, mkono mmoja ukitosha kwenye usukani. Bathsheba aliona hilo. Alikuwa ameweka kiganja mgongoni mwa mtoto, akivuta pumzi pamoja naye, kana kwamba angeweza kumpa za kwake. Taa za Kisii zilipotokea chini, alizitazama kama mtu anayetazama nyota.

Wauguzi walimchukua mtoto mikononi mwake wakakimbia.

Baadaye waliruhusiwa kuingia. Purity alikuwa amelala wima kwenye mito, barakoa ya oksijeni usoni, midomo imerudi rangi yake. Lewis alisimama ukutani na tope hadi magotini. Nyabuto alikuwa na bandeji nyeupe mkononi.

"Nitakutafutia jiwe lingine Tabaka, Mama," Lewis alisema.

"La nini? Mpelekee fundi gari Jumatatu. Afungue kila kitu." Kisha Bathsheba akamgeukia jirani. "Mogaka, mwaka mzima nimekuwa nikikukasirikia. Swali lako lilikuwa la maana, na mimi nilidhani unanicheka."

Nyabuto alijikuna shingo. "Nilikuwa nakucheka, Mama Lewis. Kweli kabisa. Sikujua chochote."

Kitandani, Purity alisogeza barakoa pembeni kwa kidole. Alivuta pumzi, ndefu, safi, isiyo na filimbi, chumba kizima kikaisikia.

"Sokoro," alimwita Nyabuto kwa mara ya kwanza, kama wajukuu wanavyowaita babu zao. "Mkono wako unauma?"

Nyabuto alimtazama mtoto aliyemwita babu. Aliinua ule mkono wenye bandeji kidogo, kama mtu anayeaga, akachukua kofia yake juu ya kitanda, akatoka kabla mtoto hajayaona macho yake yakilowa.