Jina Alilonong'onezea Boya

Raheli alianza kunuka ziwa. Si harufu ya samaki, maana Nchelenge nani asiyenuka samaki. Ni tope la chini kabisa, lile ambalo jua halijawahi kuliona. Olipa, mama yake, alimwogesha mtoto asubuhi, adhuhuri harufu ikawa imerudi, na nguo yake ya kulalia imelowa maji baridi.

"Bashi Raheli," yaani baba Raheli, alimwita mumewe kwa Kiswahili cha kwao, Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, si ile ya pwani. "Kuja unuse mutoto. Hii si mukojo."

Jairos alinusa, akasema paa linavuja. Alijua anadanganya.

Mwaka ule wa 1954 Jairos alikuwa mzee wa kanisa, tena mkali. Jumapili aliwafokea wanaofunga watoto hirizi viunoni mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Lakini ziwa lilikuwa limemgomea, wavu ukija na majani tu, na aibu ya kurudi mikono mitupu ilizidi imani yake. Akaenda Puta kwa mganga aitwaye Patson, akapewa boya jeusi la mti, alifunge wavuni katikati ya maboya mengine.

"Ulitajie jina ya mutu ya nyumba yako," Patson alimwambia. "Moya tu. Lazima ikule."

Jairos akajiona mjanja. Akalinong'onezea jina la marehemu mama yake, Mwewa. Aliyekwisha kufa atakufa mara ngapi? Samaki wakaja mpaka mtumbwi ukataka kuzama, na kanisani akaongoza sala ya shukrani bila haya usoni.

Alasiri moja ya mvua, Olipa akiwa jikoni nje, Jairos alikuwa barazani akishona wavu. Akasikia ndani mkwaruzo wa taratibu, kama samaki anayeparuliwa magamba. Akaingia, na harufu ya tope ikamziba pumzi, na sakafuni palikuwa na alama ya maji ikipinda kutoka ukutani hadi kwenye kikapu cha mtoto, na kikapu kilikuwa kimezungushwa na mwili mnene wa nyoka, na shingo ya nyoka ilikuwa imeinuka juu ya mtoto, na juu ya shingo ile palikuwa na uso wa mtu, wenye kovu la ndoana shavuni, uso wake mwenyewe Jairos, unatabasamu.

"Mwewa," uso ule uliita kwa upole.

Raheli alicheka, akaunyoshea mikono. Alidhani ni baba.

Jairos alitaka kutaja jina la Yesu, ulimi ukaona aibu. Akamnyakua mtoto, akatoka mbio mvuani.

"Olipa! Nani anaitwa Mwewa mu nyumba yangu?"

Mkewe aliinamisha macho. "Usinikasirikie. Ulikuwa ku ziwa. Mutoto alilia, akakataa ziwa la mama. Mama yangu akasema mufu anataka mutoto abebe jina yake. Tukataja majina ya bafu, batu yetu waliokufa, moya moya. Tulipotaja mama yako, akanyamaza, akanyonya. Tukamupa hiyo jina." Sauti ikazidi kushuka. "Unahubiri sana, Bashi Raheli. Nilikuogopa."

Jairos akakaa matopeni na mtoto kifuani. Mkewe alijificha kwa sababu ya mahubiri yake, na yeye alijificha nyuma ya mahubiri hayohayo.

Alilipeleka boya kwa Pasta Nkonde, akamsihi walichome kimyakimya.

"Hapana," mchungaji alisema. "Ulifokea batu mbele ya batu. Utatubu mbele yao."

Jumapili alisimama pale alipozoea kufoka, akasema yote: boya, Puta, jina, uso. Waliowahi kufokewa naye walimtazama, na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Akavuliwa uzee wa kanisa. Boya lilichomwa uani huku watu wakiomba. Lilinuka nyama, na ndani ya moto kitu kililia kwa sauti ya Jairos, kikimwita Mwewa mpaka kikawa majivu.

Harufu ya tope ikaisha. Raheli akanenepa, akatambaa, akatembea. Kanisa lilimsamehe Jairos, naye aliamini Mungu pia amemsamehe.

Lakini hata baada ya hapo, kila alipoinama kumbeba, mtoto hakuchangamka upesi. Alimtazama kwanza usoni, kisha macho yake yakashuka polepole mpaka chini, ahakikishe kwamba baba ana miguu.